Wimbo niliomwimbia Shangazi Zaina

Juzi, mu soko ya Kasongo, vijana walikuwa wanamutembeza mwizi wa simu na kumupigia masufuria. Nilirudi bila chumvi niliyoendea; roho haikutulia.

Masufuria ya namna hiyo niliyasikia utotoni, kule Nyangwe, njia nzima inanuka samaki wa moshi. Shangazi Zaina alikuja na kuku wawili shingoni, watu nyuma wanaimba kwa lugha ya Kizimba. Sisi nyumbani tulisema Kiswahili tu, basi mie nikaona iko ndoa. Nikakimbia mbele yake, nikacheza, nikaimba kuliko wote.

“Hata weye, mama?” akaniuliza.

Alikuwa amepita soko yote na macho makavu. Hapo ndipo alilia. Siku ile ile akavuka mto Lualaba, hakurudi. Kisha mama akanifasiria ule wimbo: “Mwizi wa kuku, utoke kwetu.”