Gari la Mwalimu na Sikio la Kulia

Mama mkubwa wangu ni fundi magari. Mtu akishangaa kuona fundi mwanamke, mimi humwambia ashangae upesi kisha asogee, maana anaziba mwanga. Gereji yake ni ua wenye geti la bati, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na benchi ambalo mumewe, baba mkubwa, hulikalia kila asubuhi na chupa yake ya chai tangu alipostaafu. Mimi nauza vipuri kwenye kibanda cha pembeni. Kwa hiyo nasikia yote, hata yasiyonihusu, na hayo ndiyo matamu zaidi.

Watu humwita Bi Sikio. Injini ikilalamika, huchukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio la kulia, kisha akafumba macho. Akiyafumbua, ugonjwa umeshajulikana. Ndivyo ilivyokuwa miaka nenda miaka rudi. Lakini sikio hilo lilianza kuzima polepole, na yeye hakumwambia mtu. Sisi nasi tukajifanya hatujui. Wateja walipaza sauti, baba mkubwa akawa anamwita kutokea kushoto, na mtaa mzima ukaishi katika heshima hiyo ya kijinga.

Baba mkubwa ndiye aliyechoka kwanza. Aliogopa siku moja gari litawashwa mkewe akiwa shimoni asisikie.

"Mke wangu, pumzika sasa," alimwambia.

Mama mkubwa akapandisha mori. "Gari nililolitengeneza likirudi na ugonjwa uleule, hata moja, nafunga geti kwa mkono wangu. Mpaka siku hiyo, wewe kunywa chai yako."

Na yeye akisema amesema. Ubishi huo ni wa ukoo. Hata mimi ninao.

Basi likaja gari la mwalimu wa udereva, gari la zamani lililokwisha kugongwa na wanafunzi kila upande. Likisimama, lilitetemeka mpaka vioo vinalia.

"Wanafunzi wangu wananiharibikia," mwalimu alisema. "Tukisimama kwenye taa, mtu hajui anayetetemeka ni yeye au ni gari."

Mama mkubwa akaweka bisibisi kwenye sikio la kulia, kwa mazoea tu, akafumba macho. Akasema ni raba zinazoshikilia injini. Kweli zilikuwa zimechakaa, akazibadilisha. Mwalimu akaondoka na shukrani tele.

Haukupita muda, gari likarudi. Lilitetemeka vilevile, sasa halina nguvu hata ya kupanda kilima kidogo, na nyuma linanuka mayai viza. Fundi mwingine alikuwa amemwambia mwalimu kwamba masega yamekufa. Masega ni kile kichujio cha moshi chini ya gari, chenye vitundu ndani kama sega la nyuki. Fundi huyo alikuwa tayari kuweka mapya siku hiyohiyo.

"Lakini nikasema nipite kwako kwanza, mama," mwalimu alisema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Mama mkubwa alikuwa anatazama geti. Baba mkubwa alimimina chai na hakuinywa. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, nikayameza yote, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mama mkubwa aliichukua bisibisi, akaipeleka sikioni, akasita, akaiweka chini.

"Sikio langu la kulia limekufa," alisema. "La kushoto nalo linasinzia."

"Tunajua," mwalimu alisema.

"Mnajua?"

"Sasa mama, ulidhani napiga kelele kwa sababu nina hasira na wewe?"

Aliyeanza kucheka ni mama mkubwa mwenyewe, akacheka mpaka akashika boneti. Kisha akafuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Haya. Masikio yamestaafu, macho hayajapata barua. Gari lipoe kwanza, na mniletee kikombe cha maji."

Lilipopoa aliliwasha, akangoja kidogo, akachovya vidole na kudondosha maji kwenye mabomba manne yanayotoa moshi kwenye injini. Bomba la kwanza, maji yakaruka na kupotea. La pili vivyo hivyo. La tatu, maji yakakaa yametulia kama mgeni aliyekaribishwa. La nne yakaruka.

"Huyu hapa!" alisema. "Wenzake wanachapa kazi, yeye anakula bure."

Alifungua plagi ya silinda ya tatu. Ilikuwa imelowa petroli na kigae chake cheupe kimepasuka. Mimi nilishatoka mbio kibandani na plagi mpya mkononi.

"Petroli isiyoungua hapa inakwenda kuungulia kwenye masega," alimweleza mwalimu. "Masega yameharibika kweli, tutabadilisha. Ila ungeweka mapya ukaiacha plagi hii, ungeyaunguza na hayo."

Tulipoyafungua, upande mmoja ulikuwa umeyeyuka na kuziba. Yakawekwa mengine. Kazi ilipokwisha, mama mkubwa alinawa mikono, akaenda kuchukua kufuli la geti.

"Neno ni neno. Gari lilirudi."

Baba mkubwa akainuka. "Mimi sikuogopa sikio lako, niliogopa unavyolificha. Nitamlindaje mtu anayesema ni mzima? Sasa umesema. Kuanzia leo funguo zote za magari nashika mimi, na halitawashwa gari hapa kabla sijakuona kwa macho yangu umesimama pembeni. Benchi lenyewe limenichosha."

"Na kufuli?"

"Kufuli tutafunga jioni, kama watu wote."

Mama mkubwa akampa ufunguo wa gari la mwalimu. Baba mkubwa akakaa nyuma ya usukani, akahakikisha anamwona, akawasha. Mama mkubwa aliweka kiganja juu ya injini. Halafu akanigeukia na kuniuliza jambo ambalo maishani mwake hakuwahi kumuuliza mtu.

"Linasemaje?"

"Halisemi kitu, mama mkubwa. Limetulia kimya."

Akatabasamu.

"Basi leo tunasikia sawasawa."