Ukipata Nafasi

Sajini alikuwa fundi mitambo wa jeshi kwa miaka kumi na tisa, na hakuwahi kukaidi amri hata moja. Alipokaribia kustaafu, alipelekwa hospitali moja kwa miezi minne ya mafunzo kazini, aonje kazi za uraiani. Akifaa, angeajiriwa.

Jumatatu moja msimamizi wake, mama mhandisi mpole, alipita karakanani. "Kaka, ukipata nafasi, itupie jicho ile mashine ya kufulia. Inapiga kelele."

Sajini alikuwa amefungua pampu ya maji. Akaona la mashine ni ombi tu, litasubiri. Alhamisi mashine ikakata mkanda, mashuka ya wodi tatu yakabaki yameloa humo ndani.

Kwenye tathmini yake mhandisi akaandika: "Hatekelezi maagizo."

Sajini alihisi kama kapigwa kofi. Akamfuata ofisini. "Mama, agizo ulilitoa lini?"

"Jumatatu. Nilikwambia mwenyewe."

"Ulisema nikipata nafasi!"

"Sasa ulitaka nikupigie filimbi?"

Nyumbani, mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Na mimi nikisema 'kama hujachoka, lete maji,' unadhani nakubembeleza?"

Sajini hakucheka. Wiki zilizobaki, mtu akisema tu chumba kina joto, yeye keshafungua dirisha. Lakini tathmini ilishafika kwa wakubwa, na kazi akapewa mwingine. Mwezi uliofuata alianza upya kiwandani, mwanagenzi wa miaka arobaini na tatu, moyo bado unamuwaka kwa uchungu.