Miguu Kumi na Moja ya Marehemu

Kompyuta ya Fundi Rula iliitwa Marehemu miaka sita kabla ya kufa. Jina hilo alilitoa mkewe, siku ya kwanza alipoliona kasha lake: mbao nene, zimepigwa msasa na vanishi, pembe zimeungana bila msumari hata mmoja kuonekana. Zilikuwa mbao zilizobaki baada ya kutengeneza jeneza.

"Sasa humu tunamzika nani?" aliuliza, na tangu hapo hakuna mgeni aliyeingia nyumbani mle bila kutambulishwa kwa Marehemu.

Fundi hakujali. Alikuwa seremala wa miaka thelathini, aliyepata jina la Rula kwa kupima kila kitu mara tatu, hata mkate. Kompyuta alizijua ukubwani, shule moja ilipomwita atengeneze meza za mashine mpya. Zile kuukuu zilikuwa zinatupwa. Akaomba, akapewa, akazifungua zote, na kwa mwaka mzima akaunga moja nzima kutokana na tano mbovu. Watu walicheka mpaka siku ilipowaka. Baada ya hapo walicheka kwa sauti ya chini. Humo alichorea milango na madirisha ya wateja. Na kona ilimosimama, baina ya dirisha na kabati la vyombo, ndiyo ilikuwa sehemu pekee ya nyumba ambamo neno la mwisho lilikuwa lake.

Jumatatu Marehemu alikata kauli. Fundi alifungua kasha, akakuta vipipa vidogo vya mazabodi, lile bao la kijani ambalo kila kitu kimechomekwa juu yake, vimevimba vichwa kama majipu. Muuza vifaa alimtazama kwa huruma.

"Mzee wangu, hii imeenda. Ninayo ya rika lake, ila ni ndefu kidogo."

"Kidogo gani?"

"Kidogo tu, mzee."

Fundi akatoa rula mfukoni. Sentimita sita. Kwa muuza duka hizo ni kidogo. Kwa seremala ni nyumba nyingine. Akainunua hivyo hivyo.

Sasa, mkewe alikuwa muuza barafu na juisi, alishaagiza friza kubwa ya kulala, na kona ile alikuwa ameitolea macho siku nyingi.

"Friza inaletwa Jumamosi saa sita," alisema. "Marehemu akifufuka kabla ya hapo, kona ni yake. Asipofufuka, matanga tunamalizia stoo. Umekubali?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Usinikubalie kwa shingo. Nikubalie kwa mdomo."

"Nimekubali, mama watoto."

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa ameshika bisibisi. Bao la zamani lilikuwa limesimama juu ya miguu minane midogo ya shaba, aliyoikaza mwenyewe kwenye mbao. Bao jipya liliingia kwa kubana, nalo lilitaka miguu tisa. Sita ya zamani ilikutana na matundu yake sawasawa. Akaongeza mitatu mipya. Ile miwili iliyobaki akaiacha ilipo. Alifunzwa kazi kwenye karakana ya majeneza, na mwalimu wake alikuwa na amri moja: msumari ulioingia sawa hautolewi, kuutoa ni kuitukana mbao. Kwani miguu miwili inamlia nani chakula?

Akahamisha prosesa, ubongo wa mashine, akaipaka ule ute wa kupoozea, mweupe kama dawa ya meno, akachomeka nyaya nyembamba huku miwani ikimteleza puani. Saa nne na nusu akabonyeza swichi. Feni ikazunguka nusu, ikasimama.

"Kafufuka?" sauti ilitoka jikoni.

"Anajiandaa."

"Au malaika wamekwama njiani?"

Akachomoa, akachomeka. Akafungua tena, akafunga tena. Akalitukana bao, akaliomba radhi. Nusu mzunguko, kimya. Saa tano na robo dereva wa friza alipiga simu: wako kituo cha mafuta, wanakuja. Fundi akalitoa bao zima, akaliweka mezani, akakaa akilitazama kasha tupu.

Mkewe akaingia na futi ya kupimia kona. Futi yenyewe ilikuwa ya Fundi. Akachungulia ndani ya kasha.

"Baba watoto, bao lako lina matundu mangapi?"

"Tisa."

Akahesabu kwa ncha ya futi. "Humu mna miguu kumi na moja. Hii miwili inamsubiri nani?"

Fundi aliligeuza bao. Mgongoni, penye ncha za risasi ya kuchomelea, palikuwa na mikwaruzo miwili mipya. Shaba ya ile miguu miwili ilikuwa inagusa nyaya zisizopaswa kukutana, na umeme ukijikata kwa woga.

Mke akaziba mdomo kwa kiganja. Mdomo ulishaponza kichwa.

"Sijasema kitu," alisema.

"Umesema."

"Basi nafuta."

Lakini angefanyaje? Miaka ishirini na tisa ya ndoa hakuwahi kuliacha kosa la mumewe lipite bila salamu. Asingeanza leo kwa ajili ya friza.

Fundi akashika koleo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kung'oa kitu kilichoingia sawa, na aling'oa uso ameugeuzia dirishani. Saa sita kasoro dakika saba feni ikazunguka na kuendelea kuzunguka. Kioo kikawaka. Marehemu, kumbukumbu zimemruka, akadai kwa tarehe yake kuwa ni mwaka ambao kitinda mimba wao alikuwa hajazaliwa.

Honi ikalia nje. Wapagazi wawili wakaingia wakihema.

"Mama, tuweke wapi?"

Mke akaangaza chumba chote, futi mkononi. Akapima hapa, akapima pale, kisha akaonyesha kochi la mumewe, lile lililobonyea umbo la makalio yake.

"Hilo litoeni barazani."

"Mama watoto! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana kona. Kochi nani alilitaja?"

Hakuna aliyelitaja. Fundi akahamia kwenye stuli mbele ya Marehemu, friza ikakita mgongoni mwake. Akatoa rula, akapima nafasi aliyoachiwa. Sentimita ishirini na mbili. Akapima tena. Alipopima mara ya tatu, mgongo ulikuwa umeshaanza kupata baridi.