Mlango Usiopitisha Uzi

Mlango wa sebuleni kwa Kaza ulikuwa na sifa zake mtaani. Ukifungwa, umefungwa. Yeye mwenyewe, seremala wa milango na madirisha, alipenda kuwaonyesha wageni: anachukua uzi wa kushonea, anajaribu kuupenyeza chini, pembeni, juu, kote unagoma. "Uzi haupiti," anasema, "sembuse upepo!" Mgeni asiposhangaa vya kutosha, anaanza upya. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kaza, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

Sasa Mungu, ambaye naye ana utani wake, akampa mtu huyu mama mkwe asiyefunga milango. Hafungi wa mbele, hafungi wa jikoni, hafungi hata wa kabati. Wa bafuni anausindika tu, na watu wa nyumba hiyo wamezoea kukohoa kabla ya kupita. Yeye anaacha wazi, Kaza anafuata nyuma anafunga, kutwa nzima. Kumsema hakuthubutu. Alichoweza ni kuguna, na kuguna kwenyewe alikwenda kugunia uani.

Lakini alimpenda. Niliseme hili mapema, maana watu wakisikia habari za mkwe na mkwe hutega masikio kusubiri ugomvi. Kaza alikua bila mama. Alipokwenda kuposa, akiwa bado anajifunza useremala na ana suruali moja tu ya maana, wajomba wote walimkataa. Ni mama huyu aliyesimama akasema kijana apewe. Naye Kaza, siku hizo hizo za kuposa, alikuwa ameshamtengenezea mlango wa chumba chake, mlango wa kwanza maishani mwake, na mpaka leo hujigamba kwamba haujalegea. Basi mama huyu alipougua kifua akaja kukaa kwao, na baridi ikamfuata humo humo ndani, Kaza alikosa raha.

Mkewe hakuzunguka. "Nyumba hii isipopata moto, Jumamosi Mama anakwenda kwa dada. Kule kuna joto. Na mimi nitamsindikiza."

"Utarudi lini?"

"Nimesema nitamsindikiza," mkewe alijibu, akaendelea kukunja nguo.

Ndipo akaitwa Masizi, fundi wa majiko ya kuni na dohani za kutolea moshi, mtu mrefu mwenye maneno marefu zaidi. Ngazi aliyotembea nayo ilikuwa ndefu kiasi kwamba mwenyewe akiwa katikati ya sebule, mkia wa ngazi bado uko barazani. Kazi yake, tusimpunje, aliijua. Lile jiko la chuma hakuliweka popote tu. Alitandaza kwanza vigae chini yake ili cheche isikute mbao, akalisogeza mbali na ukuta, akapima, akalisogeza tena. Bomba la moshi lilipopita darini alilizungushia kola ya bati lisigusane na ubao hata kidogo. Kule juu akalipandisha mpaka likapita kilele cha paa, akalivika kofia ya kuzuia mvua. Kaza alitazama dari yake ikitobolewa kama anayetobolewa yeye.

"Kuni kavu tu," Masizi alionya. "Majivu yakishapoa unayatoa kwa ndoo ya bati, usilete plastiki. Na moto ukiwa unawaka mkaona vichwa vinauma, msibishane. Tokeni nje wote. Kuna sumu haina harufu wala rangi."

Moto ukawashwa. Ukawaka kwa adabu, moshi ukapanda bombani bila kugeuka nyuma. Mama mkwe akanyoosha mikono kwenye joto, akacheka kama msichana. Masizi akanywa chai yake, akabeba ngazi yake, akaaga. Kaza akafunga mlango, akaubana kwa bega kama kawaida yake, akarudi kukaa.

Vikombe vilikuwa havijapoa jiko lilipoanza kutema. Moshi ulitoka mlangoni mwa jiko, ukatoka kwenye maungio ya bomba, ukaijaza sebule. Familia ikajikuta uani inafuta macho.

Masizi akarudi mbio na ngazi yake. Moto ukawashwa tena. Akachutama mbele ya jiko, akatazama, akasikiliza. Moshi ulipanda wima.

"Mmeniita nije kuona nini?"

"Lilikuwa linatema!"

"Linamtema nani?"

Akapanda paani, akachungulia bomba lililokuwa safi kama sahani ya mgeni, akashuka, akaenda zake akinung'unika. Mlango ukafungwa. Jiko likatema.

Kesho yake mambo yakawa yale yale. Kaza akafikia uamuzi kwamba jiko linamwogopa fundi wake. "Akiwepo linajifanya toto jema," alimweleza mkewe kwa sauti ya chini, lisije likasikia. 

Ijumaa akajaribu moto mdogo, kuni nyembamba, kavu kabisa. Safari hii moshi haukuonekana, akaanza kujipongeza. Mara mkewe akashika paji la uso. Mama mkwe akasema, "Mbona nyumba inazunguka?" Kaza akalikumbuka onyo. Alimnyanyua mama mkwe pamoja na kiti chake, akafungua mlango kwa goti na kiwiko, akamfikisha barazani huku anamwita mkewe kwa kelele. Hapo aliogopa kwelikweli. Alipiga magoti kando ya kiti, akamhesabia mama yule pumzi moja moja.

Hewa ilipotulia, mkewe aliingia chumbani, akavuta begi la mama yake kutoka chini ya kitanda. 

Masizi alipoitwa tena alikuja na hasira zake, na ngazi yake. Moto ukawashwa, moshi, wima. Kaza akapandwa na mori.

"Leo huondoki mpaka liteme mbele ya macho yako! Hiyo ngazi itoke nje, tufunge mlango, tuelezane!"

Akaisukuma ngazi barazani, akaubamiza mlango, akaubana kwa bega. Wakasimama wanatazamana. Jiko likajikohoza, likatema. Masizi akafungua mdomo ajitetee, moshi ukawahi kuingia, na maneno yake marefu yakaishia kwenye kikohozi.

Hapo ndipo mama mkwe alipotoka chumbani na begi lake. Akauvuta mlango kwa mikono miwili, akaufungua, akatoka, na kama ilivyo desturi yake akauacha wazi.

Moshi ukageuka. Ukarudi ndani ya jiko kama ulioitwa, ukapanda bombani.

Kaza, kwa mazoea, akaenda kuufunga mlango. Moshi ukarudi sebuleni. Mama mkwe akausukuma kutoka nje. Moshi ukapanda.

"Hebu uache, baba," alisema. "Jiko linataka kupumua."

Masizi akajipiga paji la uso. "Ngazi yangu! Kumbe ndiyo ilikuwa inashikilia mlango wazi! Nyumba zote ninazofungia majiko zinavuja kama chujio, sijawahi hata kuuliza hewa inaingilia wapi. Moto ukikosa hewa huku chini unaivuta kutoka bombani, na moshi unashuka nayo. Bwana Kaza, umejenga chupa, umeipiga kizibo, halafu umewasha moto ndani."

"Mlango wangu hauna kosa," Kaza alisema, kwa sauti ya mzazi aliyeitwa shuleni.

Mama mkwe akaweka begi chini. "Unajua kwa nini sifungi milango, mkwe wangu?"

Hakujua. Alidhani ni tabia tu.

"Ule wa kwanza uliponiwekea, niliufunga ukanigomea. Nilivuta, nikaita, wapi! Nilikaa ndani mchana kutwa, mwisho nikatokea dirishani, na mwili huu. Na kesho yake wajomba walikuwa na kikao juu yako. Ningesema, nani angekupa mke? Nikanyamaza. Lakini tangu hapo, mlango sifungi."

Mke wa Kaza aliziba mdomo, mabega yakimcheza.  Kaza mwenyewe machozi yalimlengalenga, na moshi ulikuwa umeshatoka wote.

Akauchomoa mlango kwenye bawaba, akaulaza barazani. Masizi alipotaka kumsaidia kushika msumeno alikatwa jicho. Kaza mwenyewe aliukata chini, upana wa vidole viwili, akaupiga randa, akaurudisha. Moto ukawashwa, mlango ukiwa umefungwa, na wote wakasubiri sana bila kuketi. Moshi ulipanda. Masizi alizunguka sebule nzima akinusa, akauliza kila mmoja habari za kichwa chake, ndipo akakubali chai.

Begi lilirudi chini ya kitanda. Masizi alipoaga na ngazi yake, Kaza aliinuka kwa mazoea akafunge, lakini mama mkwe alikuwa ameshatangulia. Aliufunga mlango mwenyewe, kwa mkono mmoja. Kisha akajaribu kuufungua, akaona unafunguka, akaufunga tena, akarudi kukaa karibu na moto.