Kadi ya Mtoaji wa Kumi na Tisa

Masjala ya kliniki ya ini ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo la kupitishia karatasi, rafu nne za mafaili, na sanduku la mbao lililogawanywa vyumba kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi. Humo zilikaa kadi za wagonjwa. Mwenye sanduku alikuwa mwanamke mnene, miwani yake imefungwa kamba, ambaye kliniki nzima ilimwita Mama Kadi. Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua watu wa mishahara tu.

Kila asubuhi alitoa kadi za siku hiyo, akazipanga dirishani, akawangoja wenyewe. Asiyefika hadi saa nane mchana alipigiwa simu, na ole wake. "Wewe baba, tumekupa ini jipya ulifanye pambo? Usipoziba ufa utajenga ukuta! Kesho saa mbili nikuone hapa." Watu wazima wenye ndevu na vyeo walinywea kama watoto wa shule, na kesho yake saa mbili walikuwa mlangoni. Mama Kadi alilijua hilo na alitembea kifua mbele.

Sasa nikuambie aibu yake, maana nampenda na sitaki uisikie kwa wambea. Katika sanduku lile kulikuwa na kadi moja iliyokuwa ikihama. Ikitoka Januari inaingia Februari, ikitoka Februari inaingia Machi, na mwenyewe hapimwi. Ilikuwa kadi yake. Mganga hajigangi.

Miaka mitano nyuma, mdogo wake wa kiume, fundi seremala, aligeuka manjano kuanzia macho hadi viganja. Virusi alivyokaa navyo miaka bila kujua vilikuwa vimelimaliza ini lake, na madaktari wakasema bila kupandikizwa jingine hatauona mwaka mpya. Dada mtu, ambaye wakati huo alikuwa karani wa shule, akapimwa, akaonekana anafaa, akakatwa zaidi ya nusu ya ini lake akampa. Ini lina ajabu ambayo figo haina: likikatwa, hukua tena. Lakini alipopimwa mwisho wa mwaka wa kwanza aliambiwa lake linakua polepole. "Bado kidogo," walisema, "tutaangalia tena." Hilo "bado kidogo" likamkaa moyoni kama mwiba. Nafasi ya masjala ilipotangazwa aliomba, akaipata, akawa anajitania moyoni kwamba aliingia hospitali na ini zima akatoka na ajira.

Mdogo mtu akapona mwili, akaharibika kwingine. Zamani wale wawili waligombana kutwa: mlango ufungwe au uachwe wazi, timu ipi ina kipa mbovu, nani alivunja redio ya baba. Baada ya upasuaji ugomvi ukafa. Ikawa "Ndiyo, Dada", "Sawa, Dada". Siku moja ya Jumanne dada alimjaribu makusudi: "Leo Ijumaa." Akaitikia, "Ndiyo, Dada." Hakumruhusu abebe hata ndoo ya maji. Alimtazama kama mtu anayetazama kikombe alichokitia ufa mwenyewe. Upole ule ulimkata maini dada yake, hata hayo machache aliyobaki nayo. Alitoa ini ili abaki na mdogo wake, na badala yake akaletewa mtumishi. Na akipimwa likaonekana halikukua? Basi yule kijana atakuwa "Ndiyo, Dada" mpaka kaburini. Ndiyo maana kadi ilihama.

Miaka miwili baada ya upasuaji akaja daktari mpya wa ini, mrefu, mwenye haraka, asiyejua kumaliza kikombe cha chai. Yeye alikuwa akiandika utafiti: je, watu waliotoa sehemu ya ini katika hospitali hii bado ni wazima miaka mitano baadaye? Kila wiki alikutana na ndugu waliotaka kumtolea mtu wao wakauliza swali hilo, na hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Kwa kulinda siri za watu, daktari alikuwa na namba tu, moja hadi thelathini na nane. Orodha ya majina ilikaa kwenye droo ya Mama Kadi, na ufunguo wa droo shingoni mwake.

Jumatatu moja daktari alikuja mbio, koti jeupe likipepea. "Mama Kadi! Jarida nililolipelekea utafiti limejibu!"

"Wamekataa?"

"Hawajakataa! Wanataka jambo moja. Watoaji tisa hawana vipimo vya mwaka wa tano. Wanauliza, utasemaje watu wako ni wazima wakati tisa hujui wako wapi? Wametupa wiki tatu."

"Tisa tu?" Mama Kadi akavuta simu. "Kaa hapo uone kazi."

Hapo ndipo raha ilipoanza. Namba nne alikuwa amebadilisha simu, akapatikana kupitia msusi wake, ambaye Mama Kadi alikuwa ameandika anwani yake kwa penseli nyuma ya kadi. Namba ishirini na mbili alikuwa dereva wa lori, akapimwa akiwa safarini, lori limeegeshwa nje ya geti na tani saba za vitunguu. Namba thelathini na moja alidai ana vikao. Mama Kadi akamfuata ofisini, akaketi kwenye kiti cha wageni, akawa anakohoa kila dakika mpaka bwana mkubwa akachukua koti lake akamfuata. Kila jibu lilipofika, daktari alikata namba kwa kalamu nyekundu na wote wawili wakapiga kelele hadi muuguzi wa chumba cha pili akagonga ukuta. Siku kumi na mbili, watu wanane, maini manane mazima!

Akabaki mmoja.

"Kumi na tisa," daktari akasema. "Huyu mbona humtaji?"

"Msumbufu."

"Amehama?"

"Hajahama."

"Amefariki?"

"Hebu subiri kwanza, Daktari!"

Daktari akasubiri. Siku ya kumi na nane alikuja taratibu, bila kukimbia, akaegemea dirisha. "Mama, nitaandika kwamba kumi na tisa hajulikani aliko. Huenda wakaikataa kazi yote, lakini uongo siandiki."

Hajulikani aliko! Naye amekaa hatua tatu kutoka kwake kila siku ya kazi. Mama Kadi alihisi uso wake unawaka. Aliwafikiria wale wanane, hasa yule bwana wa vikao aliyemkoholea. Akafungua sanduku, akachomoa kadi, akaisukuma dirishani.

Daktari akaisoma, akaona picha iliyobandikwa pembeni. "Hii ni yako. Miaka minne hujapimwa?"

"Usinigombeze. Maneno yote nayajua, mimi ndiye ninayewaambia watu."

Daktari akaanza kucheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Unaogopa nini, mama?"

"Likiwa halikukua, mdogo wangu ataniuliza, na kumdanganya siwezi. Nitampoteza kabisa."

"Twende sasa hivi," daktari akasema, "kabla hujaihamisha tena."

Akatolewa damu. Akalazwa kwenye kitanda kinachoingia katikati ya mashine ya duara, sauti ikamwambia avute pumzi aishikilie. Kisha akaketi nyuma ya mpiga picha, mama mmoja asiye na maneno, aliyekuwa akichora mpaka wa ini kwenye kompyuta, kipande kwa kipande, mashine ikijumlisha. Vipande vilikuwa vingi. Mama Kadi alisali, akanyamaza, akasali tena. Ini halikuwa na umbo lake la zamani, lilikuwa limejikunja mviringo upande mmoja, naye akaanza kutafuta maneno ya kumwambia mdogo wake.

Mpiga picha akabonyeza mara ya mwisho. "Asilimia tisini na sita ya lilivyokuwa," akasema, na hayo ndiyo maneno pekee aliyoyatoa asubuhi ile.

"Limerudi!" Daktari aliruka, kiti kikaanguka. "Mama Kadi, umbo si kitu, limerudi! Thelathini na nane kwa thelathini na nane!" Mama Kadi alilia na kucheka kwa wakati mmoja, akamkumbatia mpiga picha, ambaye hakujua aweke wapi mikono yake.

Damu nayo ikaja safi. Miezi miwili baadaye makala ikachapishwa. Daktari akampa nakala ya kwanza, na Mama Kadi akaenda nayo moja kwa moja hadi karakana ya mdogo wake, hakupitia hata nyumbani. Akamkuta anapiga randa ubao wa mlango. "Soma hapo kwenye jedwali. Watoaji wote wazima. Wa kumi na tisa ni mimi. Ini langu limejaa tele, kijana. Huna ulichoniharibia."

Seremala alifuta mikono, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Midomo ilimcheza. Kisha akarudi kwenye mstari mmoja.

"Dada. Hapa wameandika mtoaji mmoja hakuwa amepimwa kwa miaka minne. Ni nani huyo?"

Mama Kadi akatazama dari. "Ni... mimi."

"Miaka minne?" Randa ikatupwa chini. "Miaka minne unafanya kazi mlemle ndani ya hospitali! Unawafokea watu wa watu kwenye simu, na wewe mwenyewe hujipimi? Mimi hapa silali, nahesabu pumzi zako, kumbe mwenzangu unacheza na kadi! Una akili wewe? Mkaidi tangu utotoni, na redio ya baba uliivunja wewe, nilikuona kwa macho yangu!"

Fundi wa kuchomelea wa jirani akachungulia mlangoni kuona nani anapigwa. Mama Kadi alivuta kigoda, akaketi, akakunja mikono juu ya tumbo lake.

"Endelea," akamwambia mdogo wake.