Mkono Uliogoma Kukunjika

Wodi ya wagonjwa wa akili ilimwita Bi Mkono, kwa kuwa alikuwa muuguzi pekee aliyemsalimia kila mgonjwa kwa kumpa mkono, hata wale waliomjibu kwa matusi. Wenzake walimuuliza anagombea uongozi gani.

Asubuhi moja alipofika kitandani kwa mgonjwa mmoja, kinyozi, mkono haukuja. Kinyozi aliletwa na mkewe baada ya kuanza kusikia sauti na kuwatimua wateja wakiwa wamenyolewa nusu kichwa. Siku za mwanzo alipiga domo mpaka jirani zake wa vitanda wakaomba kuhamishwa. Akachomwa sindano ya kutuliza akili, tena na tena. Sasa alilala kimya, macho darini, jasho likimtiririka.

"Amenuna," alisema muuguzi wa usiku, akivaa koti aende zake. "Hali chakula, hasemi. Ugonjwa umempanda. Daktari kaandika aongezwe sindano."

Ndivyo wodi ile ilivyozoea: anayepiga kelele anachomwa, anayenyamaza naye anachomwa, asijione ametengwa.

Bi Mkono aliushika mkono wa kinyozi, akajaribu kuukunja kiwiko. Ulikuwa mgumu kama bomba la maji, na ngozi ilikuwa ya moto. Kipimajoto kikaonyesha homa kali. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbizana.

"Itakuwa malaria," alisema muuguzi mwenzake wa zamu.

"Si alipimwa jana, hakuna kitu? Na malaria gani inamkausha mtu akawa ubao, shoga?"

Sindano ilikuwa tayari kwenye sinia. Aliisukuma kando, akamwita daktari.

Daktari kijana alikuja bado anatafuna. "Si mliniambia amegoma kula?"

"Tulisema hivyo. Hebu mkunje mkono."

Akaukunja mmoja, akajaribu wa pili. Akautazama mkojo kwenye chupa, mweusi kama chai isiyo na maziwa. Akaacha kutafuna.

"Hajagoma huyu. Ni dawa imemgeuka. Asichomwe tena hata tone. Mtundikieni dripu, mpozeni mwili, damu iende maabara tuone kama misuli na figo vimeumia. Halafu chumba cha mahututi, sasa hivi."

Mke wa kinyozi alikuta kitanda kinasukumwa. "Si mlisema dawa ndiyo itamponya?"

"Inawasaidia wengi, dada," Bi Mkono alimjibu. "Yeye imemkataa. Tungeongeza, tungempoteza."

"Na sasa?"

"Sasa tunasubiri mwili uitoe."

Mwili haukuwa na haraka. Homa ilishuka kwanza, misuli ikafuata kwa kusuasua, na kinyozi akarudishwa wodini amekonda. Sauti zilikuwa bado zinamsemesha. Dawa nyingine ingejaribiwa baadaye, kidogo kidogo, huku akichunguzwa kila siku.

Bi Mkono alimpa mkono. Kiwiko kikakunjika. Daktari na mke wa kinyozi walikuwa kando ya kitanda. Kinyozi alimtazama daktari kichwani.

"Aliyekunyoa, mna ugomvi?"

Daktari alimgeukia mke wa kinyozi, akamuuliza kwa sauti ya chini kama huo bado ni ugonjwa.

"Hapana, daktari," alisema. "Huyo sasa ndiye mwenyewe."