Maundu, Taya Zake na Winchi ya Kisima

Kaka yangu Maundu alisinzia saa nne asubuhi, ameshika winchi ya kisima, na mwenzake wa kuchimba visima, Kitheka, ananing'inia kwenye kamba futi thelathini chini. Mpini ulizunguka wenyewe. Ulipomgonga kifuani ndipo alipoamka akaukamata.

Kitheka alitoka, akajipangusa udongo. "Miaka ishirini nakupa roho yangu ushike," akasema. "Leo umelala nayo. Sishuki tena mpaka upone."

Hapa Ndithini wakasema ni pombe. Pombe gani? Maundu hata soda haimalizi. Shida ilikuwa usingizi wake. Alikoroma kama kinu cha posho, halafu kimya, pumzi imekatika, mpaka mke wake Nthambi ampige ngumi ya mgongo. Mwaka huo wa 2006 alipimwa Nairobi, wakaona koo linajifunga mara arobaini kwa saa. Daktari akasema moyo hautavumilia hivyo. Iko mashine ya kumpulizia hewa, lakini inataka stima, na stima kwetu haijafika. Ikabaki apasuliwe, taya zivutwe mbele, koo lipate nafasi.

Ndipo binti yake Carol, anayekaa Syokimau, akaleta habari zake. "Baba, kuna mtu wa kazini kwetu alipasuliwa taya. Alivalishwa waya za meno kwanza, mwaka na nusu."

Maundu akafunika mdomo. Meno yake ya mbele yalichongwa ncha akiwa kijana, kama ya wazee wetu. "Hizo waya zitashika wapi? Na huo mwaka na nusu nitaumaliza?"

"Ukikaa hapo kwa stuli hutaumaliza," nikamwambia. "Twende tumuulize mwenye kisu."

Kwa daktari wa taya alikataa kufungua mdomo. Amekaa tu, jasho linamtoka.

"Mzee, nimeona meno ya kila aina," daktari akasema.

"Fungua, mwana wa mama," nikasema. "Ama nikufungulie mimi?"

Akafungua. Daktari akamulika, akamwambia aume, afungue, aume tena. Mimi nilikuwa nimebana mkoba mpaka vidole vikafa ganzi.

"Kama meno ya juu na ya chini hayangekutana, ningekutuma kwa waya kwanza," akasema mwishowe. "Wengi wanazihitaji. Wewe unauma sawasawa. Nitasogeza taya zote mbili kipimo kimoja, na yataendelea kukutana. Nitafunga vyuma vya muda tu, vya wiki chache. Lakini mdomo unaweza kubaki na ganzi, na siwezi kukuahidi utapona kabisa. Tutapima tena."

Maundu akajipapasa taya. "Nikikataa?"

"Unajua ukikataa."

Akaomba kalamu atie sahihi.

Alikunywa uji kwa mrija wiki sita, uso umevimba kama boga. Alipopimwa tena, koo lilijifunga mara nne tu kwa saa. Kitheka hakutaka karatasi ya vipimo. Alikuja mchana mmoja, akaweka stuli kando ya kitanda, akamwambia, "Lala nikuone."

Maundu akalala. Mimi na Nthambi tulisimama mlangoni, hakuna aliyekohoa. Kitheka aliinamisha sikio karibu na mdomo wa mwenzake, saa nzima, kisha nyingine. Pumzi ilienda na kurudi.

Akainuka polepole. "Akiamka mwambieni ni kesho, saa moja," akasema. "Nitashuka mimi."